Daftari la Presha ya Mama

Kila siku kabla ya kwenda shule, Chiriku alishuka ngazi za ghorofa tatu na ndoo mbili tupu, akazipanda tena na ndoo mbili zilizojaa. Si kwamba kwao hapakuwa na bomba. Lilikuwepo jikoni, tena linang'aa kwa sababu halikutumika. Maji yalipanda mpaka ghorofa ya kwanza, siku nyingine ya pili, kisha yakakata tamaa. Wapangaji wote wa juu walitegemea bomba la uani, na msichana huyu wa miaka kumi na miwili alizijua ngazi zile moja moja.

Jina la Chiriku alipewa na jirani, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Siku hizi lilikuwa limebaki jina tu. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa safarini wiki ya tano. Mama yake alipiga pasi katika duka kubwa la dobi. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni akiwa hoi. Chiriku ndiye aliyewanywesha chai mapacha, wadogo zake wa miaka minne, akawapeleka kwa jirani, akakimbilia shule, akarudi kuwachukua, akapika, akafua, akawatenganisha walipogombana. Usingizi uliompungukia nyumbani aliutafuta darasani, kichwa kikimwinamia kwenye hesabu za sehemu.

Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa mtu mpole, ila hakuiamini kamusi peke yake. Jumatatu moja aliingia na kopo lililojaa karatasi zilizokunjwa.

"Kila mmoja achomoe neno," alisema. "Ni maneno mafupi, ya kila siku. Mnadhani mnayajua. Ijumaa ya wiki ijayo mniletee kadi kumi. Kila kadi iwe na matumizi tofauti ya neno hilohilo, sentensi moja, na mtu mliyemsikia akilitumia kazini kwake. Kamusi mtaifungua mwisho, sio mwanzo."

"Na huyo mtu akiwa anasema Kiswahili, mwalimu?" aliuliza mmoja.

"Sawa tu. Kiingereza kimejaa humo ndani, kimekaa mpaka kimesahau kwao. Nyinyi sikilizeni. Lakini muwe mmesikia kweli, maana sitaki hadithi za kutunga."

Jirani yake wa dawati, aliyejulikana kwa kuwa wa mwisho katika kila mbio, alichomoa neno "run", yaani kukimbia, na darasa zima likacheka. Chiriku alichomoa "pressure". Alilisoma mara mbili akashusha pumzi. Hili hata Kiingereza si Kiingereza, alijiambia. Presha iko mtaani kila kona. Kwa mara ya kwanza wiki ile aliona bahati imemkumbuka.

Jumatano jioni mama alirudi ameshikwa mkono na mwenzake wa kazini.

"Ameanguka mbele ya mashine ya mvuke," yule mwenzake alimwambia Chiriku mlangoni. "Anasema ni joto. Mimi namwambia aende zahanati, yeye ananiambia kuna mashati arobaini ya hoteli."

Mama alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu. "Ni joto tu," alisema.

Hata hivyo kesho yake walikwenda, mapacha wakiwa nyuma yao. Nesi wa zahanati alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, asiye na haraka hata foleni ikiwa mpaka nje. Alimfunga mama mkanda wa kupimia presha mkononi, mashine ikakoroma, ikatoa namba: mia na sitini juu, mia chini.

"Unalala?" nesi aliuliza.

"Nalala vizuri."

"Unachoka sana kazini?"

"Aa, nimezoea. Mimi mzima."

Chiriku alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu. Mama alikuwa akiamka saa tisa usiku na kukaa kitandani akisubiri kukuche.

"Namba ya siku moja hainitoshi," alisema nesi. "Mtu akija hapa ana hofu, ametembea, ana mawazo, na hayo yote huipandisha. Nataka namba za nyumbani za siku kumi, asubuhi na jioni. Zikiwa juu, nakuanzishia dawa na nakuandikia barua utolewe kwenye chumba cha mvuke. Zikiwa chini, nakuacha uendelee na kazi yako." Akamgeukia Chiriku, akampa mashine nyingine ndogo, mpya, ya kwenda nayo nyumbani. "Wewe unaonekana una mkono mtulivu. Mashine hii ni ya zahanati, tunazo tatu tu. Mama akae dakika tano bila kusema, miguu chini, mgongo umeegemea. Kisha unapima, unaandika kwenye daftari hili. Nitakachofanya kwa mama yako kitatoka humu. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema Chiriku.

Siku tatu za mwanzo, asubuhi na jioni, alifanya kama alivyoambiwa. Mapacha walinyamazishwa kwa vitisho, mama akakaa wima kama anayepigwa picha, na namba zikaandikwa kwa mwandiko mzuri: mia na hamsini na nane, mia na sitini na mbili, mia na hamsini na tano. Kila mara mama aliuliza, "Inasemaje?" Kila mara aliposikia, alitikisa kichwa na kwenda kuosha vyombo akiwa na mawazo yake.

Siku ya nne, Jumatatu, walipima asubuhi. Jioni mama alirudi, akakaa kwenye kiti kusubiri zile dakika tano, na dakika ya pili akalala. Chiriku alisimama mbele yake na mkanda mkononi. Kumwamsha aliona vibaya. Yeye mwenyewe miguu ilikuwa inamwuma kwa ngazi, sufuria ilikuwa jikoni, na pacha mmoja alikuwa amemwagia mwenzake maji. Alilifungua daftari akaandika mia na arobaini kwa tisini. Haikuonekana mbaya. Ilifanana na namba nyingine.

Asubuhi mama aliamka amechelewa. "Jana ilikuwa ngapi?" aliuliza huku akitafuta kitambaa cha kichwa.

"Mia na arobaini."

Mama alisimama. Uso wake, uliokuwa umekunjamana kwa wiki nzima, ukafunguka. "Unaona? Inashuka. Niliwaambia ni joto." Akacheka kidogo, akamgusa Chiriku shavuni. "Leo nimechelewa, utanipima jioni mara mbili, uandike zote."

Jioni mama alilala tena kitini. Chiriku aliandika zote mbili bila kuigusa mashine.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi, na hilo ndilo lililomtisha alipolifikiria baadaye. Asubuhi mama alikuwa na haraka, jioni hakuwa na nguvu, na daftari lilijaa lenyewe. Mia na thelathini na nne. Mia na ishirini na nane. Alizishusha polepole, kwa adabu, ili zisishtue mtu. Na kila aliposema namba, mama alicheka kile kicheko kidogo.

Kilichobaki cha nguvu zake Chiriku alikipeleka kwenye kadi. Huko, ajabu, hakuchoka. Akitoka shule alipita kwa fundi wa kuziba pancha akamkuta akijaza tairi la pikipiki. "Presha ikizidi, tairi linapasuka," fundi alisema, "ikipungua, linalika pembeni. Sasa andika, maana umesimama kwenye kivuli changu." Fundi bomba aliyeitwa kwenye jengo lao alisikiliza bomba la jikoni kwa sikio, akasema presha ya maji ni ndogo, haina ubavu wa kufika ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba, alipoambiwa anunue pampu, alijibu, "Usinipe presha bwana," na bila kujua akawa amempa Chiriku kadi nyingine.

Kazini kwa mama, mtunza boila alimwonyesha geji yenye sindano. "Hii ni presha ya mvuke. Ikiingia kwenye nyekundu nafungua hapa, upumue. Nisipofungua, hatutapata nafasi ya kulaumiana." Kocha wa uwanjani aliwafokea wachezaji wake wampe beki presha. Mpishi wa mgahawa alikuwa na sufuria ya presha inayopiga mluzi, na mtangazaji wa redio alitaja presha ya hewa kabla ya kutaja mvua. Mwalimu wa malezi alizungumzia presha ya marafiki, inayomfanya mtoto avute sigara asiyoipenda. Karani wa duka la kuchapisha alimsomea tangazo la kazi lililotaka mtu anayeweza kufanya kazi chini ya presha. "Maana yake," karani alimweleza, "watakuchosha na hawataki kusikia ukilalamika."

Hizo zilikuwa kadi tisa, zote za kweli, na Chiriku alizipenda. Ya kumi aliiandikia mezani nyumbani, mama akiwa amelala kitini kwa mdomo wazi. Aliandika kwa Kiingereza safi kwamba presha ya damu ya mama yake ni ya kawaida. Mahali pa mtu aliyesema, aliandika: nesi.

Ijumaa mwalimu alizisoma zote kumi mbele ya darasa, akazibandika ukutani. "Nimeipenda hii ya mwisho kuliko zote," alisema. "Tisa umezitoa kwa watu. Hii umeitoa kwenu." Wenzake walimpigia makofi. Chiriku alikaa akitazama dawati lake, roho ikimsuta. Alitamani kusema, akaona makofi bado yanaendelea, akanyamaza.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kumi, na mama hakwenda kazini. Baada ya kula alikaa kitini mwenyewe, akakunja mkono wa gauni. "Leo nipime vizuri," alisema. "Leo sina haraka."

Kama Chiriku angepima, mashine ingesema kweli, na kweli ingekuwa mbali na mia na kumi na nane aliyoiandika jana.

"Betri zimekwisha," alisema.

"Basi kesho tutamwambia nesi," mama akajibu, akaushusha mkono wa gauni. Hakuwa na sababu ya kumtilia shaka. Usiku ule Chiriku hakupata usingizi, ingawa ndiyo siku aliyouhitaji kuliko zote.

Zahanati ilikuwa na vidaraja vitatu tu mlangoni. Mama alipanda viwili, akasimama, akaweka kiganja ukutani na kufumba macho.

"Mama?"

"Twende. Ni kiza kidogo tu, kimepita."

Nesi alilifungua daftari, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Uso wake ukaonyesha kuridhika. "Ulianza juu, lakini nyumbani imeshuka yenyewe. Hii ya mwisho hata mimi sina." Mama alicheka. "Basi dawa hatuna haja nayo, na barua ya kazini pia. Endelea na kazi yako, urudi baada ya miezi sita." Akachukua kalamu.

Chiriku aliitazama ile kalamu. Miezi sita mbele ya mashine ya mvuke. Ulimi wake uliokuwa hautulii ukawa mzito.

"Nesi, usiandike," alisema. "Hizo namba nimezitunga."

Pacha mmoja aliuliza kutunga ni nini, hakujibiwa.

"Zote?" aliuliza nesi.

"Saba za mwanzo ni za kweli. Kuanzia Jumatatu jioni ni za uongo. Betri hazijaisha, nilimdanganya mama. Na shuleni niliandika wewe ndiye uliyesema presha ya mama ni ya kawaida."

Nesi aliiweka kalamu chini. Aliivuta mashine waliyorudi nayo, akaiwasha, akabonyeza kitufe cha pembeni ambacho Chiriku hakuwahi kukigusa. Namba zilianza kupita kwenye kioo, moja baada ya nyingine, zikafika saba zikakoma. "Inahifadhi kila kipimo," alisema kwa sauti ileile ya chini. "Ningekuwa mwangalifu ningeanza na hii. Nimeona mwandiko mzuri nikauamini."

Mama alikuwa anamtazama binti yake, si kwa hasira, na hilo lilimuumiza Chiriku kuliko kofi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ile Jumatatu jioni ulikuwa umelala. Nilikuwa nimechoka, mama. Halafu asubuhi uliniuliza nikasema mia na arobaini, ukafurahi." Machozi yalianza kumtoka. "Ulinishika shavu. Sijakuona ukifurahi tangu baba aondoke. Nikaona bora uendelee kufurahi."

Nesi aliwapa mapacha kijiti kimoja kimoja cha kukagulia koo wachezee, akamfunga mama mkanda, akawaambia wote wanyamaze dakika tano. Mashine ilipomaliza kukoroma ilisema mia na sabini na mbili kwa mia na sita. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

"Na mimi nikuambie kweli," mama alimwambia nesi akiwa bado na mkanda mkononi. "Silali. Saa tisa niko macho. Kichwa kinaniuma kila siku, na kazini naona kiza mara mbili, mara tatu kwa siku. Nilikuambia mimi mzima. Huyu mtoto ananisikia nikisema hivyo kila siku, kwa nini asijifunze?"

"Sasa tunaongea," alisema nesi.

Alimwandikia dawa ya kuanza siku ileile na barua ya kazini. Kisha akampa Chiriku daftari jipya la siku kumi nyingine, ili aone kama dawa inafanya kazi. Chiriku hakutegemea kupewa. Alilipokea kwa mikono miwili.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Mwenye duka la dobi aliisoma barua mara tatu akitafuta pa kuikatalia, na mwishowe akamhamishia mama kwenye meza ya kukunjia nguo, karibu na dirisha. Jirani, alipoambiwa waziwazi kwamba wamezidiwa, alikubali kukaa na mapacha mpaka jioni. Alisema alikuwa akisubiri aombwe. Shuleni Chiriku alibaki darasani wenzake walipotoka, akamweleza mwalimu yote. Mwalimu aliibandua kadi ya kumi, akamkabidhi.

"Umebaki na tisa, na alama zako ni tisa," alisema. "Neno lina matumizi mengi, lakini kila tumizi linahitaji mtu aliyelisema kweli. Uliandika maneno ya nesi ambaye hakuyasema. Siku utakapoyasikia, uniletee."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Chiriku. Alama tisa zilimkaa vizuri kuliko zile kumi.

Siku kumi zilipopita walirudi zahanati. Nesi, safari hii, alianza na kitufe cha pembeni. Alilinganisha mashine na daftari, mstari kwa mstari, bila haraka. Namba zilikuwa zimeanza kushuka, si kwa mpangilio mzuri kama zile za kutungwa. Zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, kisha zikatulia kwenye mia na thelathini na kitu. Katikati yake palikuwa na mistari mitatu isiyo na namba.

"Na hapa?" aliuliza nesi, kidole kikiwa juu ya mstari mtupu.

"Hatukupima," Chiriku alisema. "Mara ya kwanza mama alilala. Mara ya pili nililala mimi. Mara ya tatu tulilala wote, mapacha ndio walituamsha."

Nesi alicheka mpaka mtu wa foleni akachungulia. Kisha akawa makini. "Sikiliza, binti. Mstari mtupu naweza kuufanyia kazi. Unaniambia hapa watu walichoka, na mimi najua la kufanya na watu waliochoka. Lakini zile namba zako nzuri zingenifanya mimi, kwa mkono wangu, nimrudishe mama yako kwenye mvuke. Usimwonee mtu huruma kwa kumdanganya. Mwambie kweli, hata ikiwa mbaya, apate nafasi ya kupona."

Waliporudi walipita barabara ya soko, jua likiwa kali. Mbele ya duka lililofungwa palikuwa na ukuta mfupi, na mama akasimama hapo. Chiriku alimwona anataka kusema jambo alilozoea kusema, kwamba si kitu, twende. Hakulisema.

"Ngoja kwanza," mama alisema, akakaa ukutani. "Nimechoka." Alilitamka polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Hilo ndilo tuliloshindwa kulisema, mimi na wewe. Mimi nilimficha nesi, wewe ukanificha mimi. Kuchoka si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha uchovu, halafu mwenzio akapanga maisha yake juu ya uongo wako. Kuanzia leo, ukichoka useme. Na mimi nitasema."

"Hata nikichoka kila siku?"

"Hata kila siku. Tutajua tupunguze nini."

Chiriku aliweka chini mfuko wa dawa, akakaa kando ya mama yake.

"Basi na mimi nimechoka," alisema, kisha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaanza kusimulia: fundi wa pancha alivyomfukuza kivulini, karani alivyolitafsiri tangazo la kazi, mtunza boila na geji yake. Mama alisikiliza akiwa ameegemea mlango wa duka, na hawakuondoka pale mpaka maneno yalipomwishia.